Haja Inapotokea Tumboni: Majibu kwa Aliyerudi Kitaya na Mfuko

Mgonjwa wa Kitaya, kijiji cha bonde la Ruvuma mkoani Mtwara, mwenye saratani ya njia ya haja kubwa huanzia zahanati, kisha hupelekwa Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mikindani, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2023. Wanaohitaji mionzi, wengi wao wa kusini hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Upasuaji ni kazi ya saa chache. Baada ya hapo ni miaka ya kuishi na haja inayotokea tumboni, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mtu huiishi mbali na daktari aliyempasua, kwenye nyumba yenye choo cha shimo, maji ya ndoo na joto la bonde la Ruvuma. Maelezo ya wodini mara nyingi hutolewa siku ya kuruhusiwa, mgonjwa akili yake yote iko kwenye nauli. Maswali humjia akishafika nyumbani.

"Mbona mtoto wa jirani alirudishiwa utumbo, mimi naambiwa ni wa kudumu?"

Kolostomi ni sehemu ya utumbo mpana iliyotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, mara nyingi upande wa kushoto, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Kile kinyama chekundu kinachoonekana huitwa stoma. Haina msuli wa kubana, kwa hiyo haja na hewa hutoka kwa wakati wake, utake usitake. Ndiyo sababu ya mfuko.

Wapo wanaowekewa kolostomi kwa muda: mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja, mtu ambaye utumbo wake ulijisokota, majeruhi wa ajali. Hao wengi hurudishiwa baada ya miezi kadhaa. Saratani ina hesabu yake. Uvimbe ukiwa chini kabisa kwenye puru, karibu na msuli unaobana haja, daktari hawezi kuutoa wote bila kuutoa na msuli huo. Puru huondolewa, njia ya chini hushonwa na kufungwa, na hakuna tena mahali pa kuurudishia utumbo. Upasuaji wa namna hii ulielezwa na daktari Mwingereza William Ernest Miles mwaka 1908. Vifaa na dawa za usingizi vimebadilika sana tangu hapo, lakini sababu ya kufanya kolostomi iwe ya kudumu ni ile ile.

Kundi la pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi. Ni wanawake waliougua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Uvimbe wenyewe, au mionzi iliyoutibu, unaweza kutoboa ukuta kati ya uke na puru, haja ikaanza kupitia ukeni. Kolostomi huigeuza njia hiyo, na mama anapata kukaa mkavu na kulala usiku. Lakini sehemu iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, kwa hiyo wengi hubaki na kolostomi moja kwa moja. Huyu puru yake bado ipo, hivyo akitokwa na ute kwa chini asishtuke. Aliyeondolewa puru naye anaweza kuhisi amebanwa na haja kule ambako hakuna njia tena; mishipa ya fahamu bado inakumbuka. Damu mbichi au usaha kutoka chini ndivyo vya kuwahi navyo hospitali.

Kabla hujaondoka wodini, hakikisha kwenye karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa kama ulichonacho ni kolostomi au ileostomi, na kama ni ya muda au ya kudumu. Ileostomi hutoka kwenye utumbo mwembamba, haja yake ni majimaji, na mwenye nayo huishiwa maji mwilini haraka. Mhudumu wa zahanati atakayekupokea usiku ukiharisha anahitaji kulijua hilo. Ajue pia kwamba, kama ulifungwa njia ya chini, dawa za kupachika njia ya haja kubwa si zako, wala hazipachikwi kwenye stoma bila maelekezo ya daktari.

"Dada nesi, hiki kinyama ndiyo saratani yenyewe?"

Hapana. Ni utumbo usio na ugonjwa, uliogeuzwa ukingo wake nje. Ukiwa na afya ni mwekundu na una unyevu. Hauna hisia ya maumivu ukiguswa, na ukiupangusa unaweza kutoa matone ya damu yanayokoma yenyewe. Mwanzoni huvimba, kisha hupungua ndani ya wiki 6 hadi 8. Hauambukizi mtu chochote. Mjukuu anaweza kupakatwa, chakula kinaliwa sinia moja, na anayemtengea mgonjwa sahani yake pembeni anamuumiza bure.

"Nabadilishaje mfuko bila kuchubuka?"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu matatizo mengi yanayowarudisha watu hospitali huanzia kwenye mkasi.

Mfuko una bamba lenye gundi ambalo hukatwa tundu la kupitisha stoma. Tundu likiwa kubwa mno, haja inagusa ngozi. Ngozi inachubuka na kutoa majimaji, gundi inakosa pa kushika, mfuko unavuja, unalazimika kubadilisha tena kesho yake, na kila unapobandua unaondoka na ngozi. Likiwa dogo mno, linakwaruza na kukata stoma. Kipimo kinachotakiwa ni tundu lenye umbo la stoma yako, likiwa limezidi milimita 2 au 3 tu kuzunguka, kama unene wa njiti ya kiberiti.

Kama hukupewa kadi ya kupimia, tengeneza yako. Chukua karatasi ngumu ya boksi la sabuni, kata tundu dogo, lipitishe juu ya stoma, panua kidogo kidogo mpaka lipite bila kugusa popote. Hicho ndicho kipimo chako. Kichore nyuma ya bamba kwa kalamu, kata kwa mkasi mdogo, kisha pitisha kidole kwenye ukingo kulainisha palipobaki pakali. Katika miezi miwili ya kwanza pima upya kila wiki, maana stoma inapungua. Mtu aliyekatiwa mifuko yote wodini siku moja, kwa kipimo cha siku ile, akafungashiwa na kusafiri nayo, akifika mwezi wa pili anavuja na hajui kwa nini.

Badilisha asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa bado umetulia. Weka karibu ndoo ya maji safi, vitambaa viwili laini (kanga kuukuu iliyofuliwa inafaa sana) na mfuko mpya uliokwisha kukatwa. Bandua wa zamani kuanzia juu kwenda chini, mkono mmoja ukiisukuma ngozi, si kuvuta mfuko kwa nguvu. Osha kwa maji matupu. Dettol hapana, spiriti hapana. Mafuta ya nazi na vaselini pia hapana, kwa sababu gundi haishiki kwenye mafuta. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Kama pana nywele, zipunguze kwa mkasi. Pasha bamba moto kati ya viganja kwa dakika moja, bandika kuanzia chini, kisha weka kiganja juu yake dakika 2 au 3. Watu huiruka hatua hii ya mwisho kwa haraka, wakati gundi hushika kwa joto la mwili.

Mfuko wenye mdomo chini humwagwa unapofika theluthi moja au nusu. Ukiuacha ujae, uzito unaubandua. Mwaga chooni, futa mdomo wake, funga. Lakini mfuko wenyewe usiutupe kwenye choo cha shimo, hauozi na utalijaza shimo kabla ya wakati. Wala usiutupe mtoni. Ufunge, uzike kwenye shimo la taka lenye kina ambalo mbwa hawafukui.

Miezi ya joto kali, kuelekea mvua za mwisho wa mwaka, jasho hulegeza gundi upesi kuliko maandishi ya kwenye pakiti yanavyoahidi. Pitisha kitambaa chepesi kati ya mfuko na ngozi. Akiba ya mifuko isikae juu karibu na bati. Iweke chini ya kitanda, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

"Na mifuko ikiisha?"

Fanya hesabu mapema. Mfuko wa kumwaga unaobadilishwa kila baada ya siku 3 ni mifuko 10 kwa mwezi. Ule uliozibwa chini, unaotupwa kila ukijaa, unaweza kula 30 hadi 60. Kwa mtu wa Kitaya mimi nisingempendekezea huo wa pili, hata akipewa bure mwanzoni, kwa sababu utaisha kabla hajapata gari la kwenda mjini. Kabla ya kuruhusiwa uliza mambo matatu: jina na namba ya aina ya mfuko unaotumia, duka la dawa linaloiuza lililo karibu zaidi, na kama bima yako inailipia. Andika. Wagonjwa wawili watatu wa wilaya moja wakijuana, yule anayepanda kliniki Dar mwezi huu anawanunulia wenzake, mwezi ujao mwingine. Kenya wamekwenda mbali zaidi: wana chama chao, Stoma World Kenya, na suala la mifuko linasemwa hadharani.

Inapokosekana kabisa, watu hufunga rambo kwa kamba. Linasaidia kwa saa chache, ila kamba nyembamba inakata ngozi na plastiki inafuga jasho na haja mahali pamoja. Mwenye kolostomi ya kushoto ana nafuu moja: haja yake imeshikamana, haimwagiki. Paka mafuta ya zinki au vaselini kuzunguka stoma (hapa yanaruhusiwa kwa kuwa hakuna gundi), funika kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, weka plastiki juu yake, kisha funga tumbo kwa mkanda mpana wa kitambaa usiobana. Haja ikitoka, badilisha hapo hapo. Vitambaa vichemshwe na kuanikwa juani. Ni njia ya dharura, lakini ni ya usafi.

Wapo waliodhani marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliwagusa na wao. Ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea bidhaa. Plastiki za huduma za afya ziliachwa.

Mfuko wa gundi wenyewe una historia fupi. Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, alimfikiria dada yake Thora aliyekuwa ametoka kwenye upasuaji kama huu na hathubutu kutoka nje akihofia kuvujiwa mbele za watu. Elise akaja na wazo la mfuko mwepesi wa plastiki wenye gundi, wa kutumia na kutupa. Waliotangulia walikuwa wakihangaika na vitambaa na mikanda, yaani huko huko anakorudi mtu wa leo akiishiwa mifuko.

Weka pia kifurushi cha kuondoka ghafla: mifuko 3 iliyokatwa tayari, mkasi, vitambaa, karatasi ya hospitali. Wenyeji wa Kitaya, walioshambuliwa Oktoba 2020 na watu wenye silaha waliotokea upande wa Msumbiji, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

"Nile nini nisinuke?"

Mfuko mzima, uliobandikwa sawasawa, haunuki. Ukinuka, ama unavuja, ama umefunguliwa. Anza kukagua bamba kabla ya kulaumu chakula.

Hakuna chakula cha haramu kwa mwenye kolostomi. Kunde, mbaazi, kabichi na soda huongeza hewa. Mayai, vitunguu na dagaa huongeza harufu pale unapomwaga. Kula vitu hivyo kwa kiasi, jaribu kimoja kimoja, ujue chako. Korosho, nazi na mahindi ya kuchoma vitafunwe vizuri sana. Ming'oko na muhogo ni sawa, ila mlo wa muhogo mtupu bila mboga wala maji ya kutosha unafunga choo, na anayetumia mofini kwa maumivu hufunga zaidi. Huyo aombe dawa ya kulainisha choo aanze nayo siku ile ile, asisubiri. Papai na maji vinasaidia. Uraka wa mabibo, kwa wanaokunywa, hujaza mfuko hewa, na kwa wengine huleta kuharisha. Siku hiyo mtu asishangae.

"Shehe, swala yangu inasihi?"

Hili linawanyima watu usingizi kuliko maumivu, na wapo walioacha msikiti kimya kimya wakidhani hawastahili tena. Fikihi ina mlango wake wa mwenye udhuru wa kudumu, kama asiyeweza kuzuia mkojo au mwanamke mwenye damu ya istihadha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yetu, mtu huyo hujisafisha, huubadilisha au kuumwaga mfuko kadiri awezavyo, hutia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali. Kinachotoka hapo katikati kinasamehewa. Kwa kila swala ya faradhi anatia udhu mpya. Funga nayo haivunjwi na mfuko. Mwenye kolostomi aliyepona jeraha na asiye kwenye dawa za saratani mara nyingi anaweza kufunga, akiwa ameshauriana na daktari. Mwenye ileostomi awe mwangalifu zaidi kwa sababu ya maji. Undani wake muulize shehe wako, na umweleze waziwazi ulivyo, maana hawezi kujibu asichoambiwa.

Swali lingine huulizwa na familia, si mgonjwa: mwenye mfuko akifariki anaoshwaje? Mfuko unabanduliwa taratibu, stoma inasafishwa na kufunikwa kwa pamba na kitambaa ili kisitoke kitu, na maiti anaoshwa kama wengine.

"Na mume wangu?"

Tumbo lenye mfuko halizuii tendo la ndoa. Stoma haiumii ikiguswa kwa nje, ila kisiingizwe kitu ndani yake. Mwaga mfuko kwanza, ufunge kwa kipande cha kanga kiunoni, chagueni mlalo usioukandamiza. Wanawake wa huku wanajua kufunga kanga vizuri kuliko kitabu chochote cha hospitali kinavyoweza kueleza.

Ugumu halisi unatokana na matibabu. Mwanamume aliyeondolewa puru anaweza kupungukiwa nguvu za kiume kwa kuwa mishipa ya fahamu ya huko inapita karibu na palipopasuliwa. Kwa baadhi hurejea taratibu, kwa wengine huhitaji dawa, na dawa hizo ni za kuandikiwa na daktari, si za kununua mnadani. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga anaweza kuwa mkavu na njia ikasinyaa. Vilainishi na vifaa vya kupanua njia taratibu vinasaidia, na nesi wa kliniki ya saratani anavijua. Somo au kungwi anayeaminika anaweza kumwanzishia mtu mazungumzo na mwenzake, mradi asimpe dawa ya kuweka ukeni.

"Naweza kulima, kuoga mtoni, kusafiri?"

Kulima ndiyo, baada ya jeraha kupona. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo usibebe ndoo ya maji wala gunia la korosho, na hata baadaye funga mkanda mpana wa tumbo unaponyanyua, kwani ukuta wa tumbo pale penye stoma umedhoofika na ngiri hutokea hapo. Maji hayaingii kwenye stoma, kwa hiyo kuoga ni ruhusa, ukiwa na mfuko au bila. Mamba wa Ruvuma hawahusiani na mfuko, na tahadhari yao ni ile ya kila mtu. Kwenye basi la Dar mwaga kabla ya kupanda, na ubebe akiba mkononi, si kwenye buti.

"Nimesikia kuna watu hawavai mfuko kabisa."

Ni kweli. Mwenye kolostomi ya kudumu ya upande wa kushoto anaweza kufundishwa kuusafisha utumbo kwa maji kila siku au kila baada ya siku moja. Maji ya uvuguvugu, salama kwa kunywa, mililita 500 hadi 1,000, huingizwa taratibu kwenye stoma kwa kifaa chenye ncha laini, haja yote ikatoka kwa wakati mmoja, kisha siku nzima mtu akafunika stoma kwa kitambaa tu. Kwa mahali ambapo mfuko ni adimu hii ni njia ya kuulizia, na nadhani haitajwi vya kutosha kliniki. Lakini isijaribiwe kwa kuambiwa na jirani. Mwenye ileostomi, ngiri, stoma iliyochomoza kupita kiasi, au utumbo ulioathiriwa na mionzi haimfai. Na mara ya kwanza lazima nesi mwenye ujuzi awepo.

"Nirudi hospitali lini?"

Siku hiyo hiyo kama stoma imegeuka zambarau iliyokolea au nyeusi. Kama tumbo limevimba, unatapika, na hakuna haja wala hewa. Kama damu haikomi baada ya kuigandamiza kwa dakika 10. Au kama utumbo umetoka nje kwa urefu usio wa kawaida na haurudi ukilala chali. Ukiharisha, anza maji ya ORS nyumbani wakati unajiandaa kwenda.

Kliniki ya saratani ni jambo jingine na haisubiri dalili. Miaka 2 au 3 ya kwanza huwa ni kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha huachana zaidi mpaka ifike miaka 5. Mfuko kukaa vizuri si ushahidi kwamba saratani haijarudi, wala mfuko kuvuja si ushahidi kwamba imerudi.

Ukienda kwa sababu ya kuvuja au kuchubuka, usiutupe mfuko ulioubandua asubuhi hiyo. Ukunje, uweke kwenye mfuko mwingine, ubebe, pamoja na kadi yako ya boksi la sabuni. Nesi ataligeuza bamba aangalie upande wa gundi. Mahali ilipoyeyuka na kupauka ndipo haja ilipopenya: ikiwa ni upande wa chini tu, pengine una mkunjo wa ngozi pale unapokaa, ikiwa ni pande zote, tundu lako ni kubwa.